Ngolo za Mwezi wa Nane

Niliyaona mashimo kabla sijamwona Fakihi. Afadhali ilikuwa hivyo, maana ningemwona yeye kwanza ningemkimbilia na kumkumbatia mbele ya mama yangu kama mtu asiyefundwa. Siku nne nilikuwa Kihagara, ufukweni kwa shangazi, na siku zote nne ziwa lilikuwa zuri bure tu kwa sababu yeye hakuwepo.

Tulirudi na vyungu sita vya kukaangia kahawa, kazi ya mikono ya shangazi. Tulilala Mbinga mjini kwa binamu, na asubuhi tukakodi bodaboda mbili zitupandishe Kindimba, mama mbele, mimi nyuma, kila mmoja kapakata vyungu. Tulipokata kona ya mwisho nikaona mteremko wa mbele ya nyumba yetu umekuwa mwekundu.

"Simama," nikamwambia dereva.

"Bado hatujafika, dada."

"Nimesema simama!"

Shamba lile tulivuna mahindi mwezi wa saba. Likishavunwa haliguswi. Linaachwa liote nyasi mpaka mwezi wa tatu, ndipo wanaume wafyeke, walaze zile nyasi kwa mistari inayokatana, mraba baada ya mraba, mlima mzima. Kisha sisi wanawake tunaingia na majembe, tunachota udongo wa katikati ya mraba na kuufunikia nyasi, na juu yake tunapanda maharage. Shimo linalobaki katikati linashika maji ya mvua. Hizo ndizo ngolo, na Wamatengo tumekula kutoka humo tangu mababu. Sasa ulikuwa mwezi wa nane, na mtu alikuwa amechimba shamba la mama yangu juu mpaka chini, mashimo yamepinda huku na kule, na unyasi hata mmoja haukuwepo.

Mama alikuwa ameshashuka. Aliweka vyungu vyake chini taratibu, akaokota bonge la udongo, akalivunja. Lilimwagika vumbi tupu.

"Haya," alisema. Akachukua vyungu vyake, akaenda jikoni kuwasha moto.

Ndipo Fakihi akatokea nyuma ya nyumba, shati jeupe, kamera shingoni, na lile tabasamu lake ambalo limenigharimu usingizi mwingi.

Fakihi Abdulmalik ni mtoto wa Bi Saida, mwenye duka la vitenge na khanga karibu na stendi ya Mbinga. Babu yake alikuja kutoka Kilwa na mabunda ya nguo, akaoa, akabaki. Miaka miwili iliyopita Fakihi alipanda kwetu kupiga picha za maua ya kahawa. Mama akampa kikombe, naye akauunguza ulimi, akasema kahawa ni tamu huku machozi yanamtoka. Nikacheka. Alinitazama nikicheka wala hakuangalia pembeni, na tangu siku ile mimi nimeshindwa kuangalia pembeni.

Yeye ndiye aliyesema kwamba wapo watu wanaoweza kulipa ili waishi siku moja kama sisi. Mimi nikapanga siku yenyewe: mwezi wa sita wageni wanachuma kahawa nasi, wakati mwingine wanakaanga kwenye chungu, wanatwanga, wanakula ugali na maharage jikoni kwa mama, na mwezi wa tatu wanajifunga khanga kiunoni na kuchimba ngolo. Vifuko vya kahawa nilivishona kwa vipande vya vitenge vilivyobaki dukani kwa mama yake. Tukaiita Siku Moja Kindimba, yeye akaisambaza mtandaoni. Kazi hiyo ndiyo iliyoezeka bati nyumba yetu.

Bi Saida hakuipenda kazi hiyo, na mimi hakunipenda zaidi. "Mwanangu amesoma," alipata kumwambia mtu nikisikia, "halafu aoe msichana anayechimbisha watu mashimo? Tena wa kanisani?" Nikimwamkia aliitikia marahaba huku anakunja khanga.

"Karibu nyumbani, mpenzi," alisema Fakihi. "Umeona? Nilitaka nikushtukize."

"Nani kachimba?"

"Vibarua wanne kutoka Kitai. Siku mbili tu, wamemaliza! Nyie huwa mnatumia wiki nzima."

"Fakihi, huu mwezi wa ngapi?"

"Wa nane."

"Na ngolo zinachimbwa mwezi wa ngapi?"

Alijikuna shingo. "Najua, ni wa tatu. Lakini wageni wa leo waliiona ile video ya ngolo. Watu kumi na wawili, Lukresia, kutoka Dar. Wamelala Mbamba Bay. Walisema wazi kwamba bila ngolo hawapandi mlima. Ningefanyaje?"

"Ungewaambia waje mwezi wa tatu. Mimi uliniambia wageni wanakuja kunywa kahawa."

"Ningekuambia ukweli ungekataa."

"Kumbe ulijua nitakataa!"

Nikamvuta mkono mpaka kwenye shimo la kwanza. Nilitaka kumvuta kwa ukali, ila vidole vyake vilipokutana na vyangu vikakaa pale pale vinapokaa siku zote, na hilo likanikasirisha zaidi.

"Nionyeshe majani," nikasema.

"Majani gani?"

Nilidhani anatania. Nikamtazama machoni, nikaona hatanii.

"Fakihi. Umekuja hapa mwezi wa tatu mara mbili. Mjomba Mansuetus na wenzake walifyeka nyasi siku nzima, wakalaza kwa mistari, na wewe ulikuwa umesimama palee, na kamera yako. Umewapiga picha wewe mwenyewe!"

"Aa, yale majani." Sauti yake ikashuka. "Ile sehemu niliikata kwenye video. Ilikuwa inachosha. Watu wanapenda kuona akina mama wanachimba na kuimba."

"Inachosha?"

"Lukresia, usinielewe vibaya..."

"Ile inayochosha ndiyo ngolo! Majani yanaoza humo ndani, ndiyo mbolea, ndiyo yanayoushika udongo usitembee. Hiki ulichochimba ni kifusi. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ikinyesha, hili shamba lote litakuwa mtoni kule chini. Na mwezi wa tatu tutafyeka nini? Mizizi mmeipindua juani. Mwakani mama yangu atapanda maharage wapi, kwenye picha zako?"

Rangi ilimtoka. Nakiri kwamba nilimwonea huruma. Nimekuwa na ugonjwa huo kwa miaka miwili, kumwonea huruma Fakihi hata ninapopaswa kumtia kofi.

"Sikujua," alisema.

"Hukuuliza. Mama yangu yuko hapa kila siku. Ungemuuliza hata kwa simu, 'Mama, naweza kuchimba?' Angekujibu."

"Nilikuwa na haraka. Nilitaka leo iwe kubwa." Akanishika mikono yote miwili. Shati lake lilinukia udi, ule udi wa nyumbani kwao ambao huwa naunusa kwenye khanga yangu nikitoka kuonana naye. "Mama yangu anasema hii si kazi, ni mchezo. Nilitaka aone gari limejaa watu wa Dar wanaitaka kazi yetu. Akiona, hatakuwa na la kusema. Ataleta posa. Nimechoka kukuona kwa kuibia, Lukresia. Nataka niseme mbele ya watu kwamba wewe ni wangu."

Mtu akikuambia maneno hayo nawe unampenda, utafanyaje? Nilimtazama usoni, nikaona ni kweli alinipenda na ni kweli aliliharibu shamba la mama, na mambo yote mawili yalikuwa ndani ya mtu mmoja.

"Sikiliza," nikamwambia. "Watu wanatoka Dar mpaka huku kwa nini? Kahawa ipo Dar. Maharage yamejaa Kariakoo. Wanachokuja kununua huku ni ukweli, basi. Tukiwauzia maigizo, tumebaki na nini?"

"Umesema sawa."

"Basi wakifika, utawaambia. Kwamba huu si msimu, na haya si ngolo. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Tutawapa kahawa, tutawaeleza, atakayekasirika akasirike."

"Nitawaambia."

"Fakihi."

"Haki ya Mungu, nitawaambia." Akauweka mkono wangu kifuani kwake. "Halafu mimi mwenyewe nitafyeka nyasi mabondeni nizilete hapa, hata mwezi mzima. Unanisamehe?"

"Waambie kwanza," nikasema, ila nadhani macho yangu yalishamsamehe. Nilipogeuka nikamwona mama kasimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. Alikuwa amesikia yote.

Saa nne gari aina ya Coaster likapanda mlima likikohoa. Wageni wakashuka, simu mikononi, wanashangaa vilima. Akashuka mzee mmoja mwenye kofia ya pama, Ambokile, bwana shamba mstaafu, mwenyeji wa Tukuyu aliyekuwa akiishi Dar kwa mwanawe. Na wa mwisho kabisa, akishikilia mlango ili baibui lake jipya lisiguse vumbi la matairi, akashuka Bi Saida. Walikuwa wamempitia mjini. Fakihi alikuwa amempangia siti bila kuniambia.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba." Akatazama nyumba, akatazama jiko, akatazama mteremko mwekundu. "Ndio hapa?"

"Ndio hapa, mama. Karibu sana."

Nikamtafuta Fakihi kwa macho. Alikuwa akimtazama mama yake jinsi mtoto anavyomtazama mwalimu mwenye fimbo. Nikamwambia kwa macho, waambie. Akaangalia pembeni.

Miaka miwili, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Fakihi kuangalia pembeni.

"Karibuni sana Kindimba!" alisema kwa sauti ya kwenye video zake. "Mbele yenu mnaona ngolo, kilimo cha asili cha Wamatengo. Mashimo haya yamechimbwa kwa mikono, kwa ustadi uliorithiwa kwa vizazi vingi. Na leo na ninyi mtashika jembe!"

Wakapiga makofi. Bi Saida akainua kidevu kidogo, na mimi niliyemzoea nikajua ameanza kuridhika. Nilijiambia, subiri, sasa hivi atasema. Atacheka, atasema "lakini". Hakusema.

Mzee Ambokile alikuwa ameinama kwenye tuta, anachokonoa kwa kidole.

"Samahani, kijana," alisema. "Mimi zamani chuoni nilifundishwa habari za ngolo, ila sijawahi kuziona kwa macho. Tuliambiwa ndani ya tuta pana majani. Mbona siyaoni?"

"Yapo, mzee. Yako chini sana. Yameshaoza."

"Yameoza, na udongo unaonekana umechimbwa juzi tu?"

Amepanda mchongoma, nikawaza, kushuka ndiyo ngoma. Na badala ya kushuka, Fakihi akapanda tena. Akamnyooshea mama yangu mkono.

"Mwenye shamba huyu hapa, Mama Lukresia. Ndiye aliyechimba. Mama, waeleze wageni."

Watu wote wakamgeukia. Simu kumi na mbili zikamwelekea mama yangu, aliyesimama na khanga yake ya jikoni, mikono ina majivu.

Ngoja niwaambie mama yangu ni mtu gani. Akipeleka kahawa kwenye chama cha ushirika, anachambua vijiwe mwenyewe mbele ya mpimaji ili visiongeze uzito. Siku moja alirudi kwa miguu mpaka Mbinga mjini kwa sababu muuza sabuni alimzidishia chenji. Nilipokuwa mdogo nilimdanganya kwamba nimekwenda misa, hakunichapa. Aliacha kuongea nami mpaka Jumapili iliyofuata.

"Hongera, mama," alisema Mzee Ambokile kwa heshima, kofia mkononi. "Ulichimba lini?"

Mama alimtazama Fakihi. Akamtazama Bi Saida na baibui lake jipya. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu, na nikaona anachokifanya kabla hajakifanya, nikataka kupiga kelele.

"Wiki hii, baba," alisema mama. "Nimechimba mimi."

Akainamisha kichwa, akajifuta mikono yenye majivu kwenye khanga.

Sijui hasira ninayoisema hapa niipe jina gani. Ya asubuhi ilikuwa hasira ya shamba, ile inapona. Hii ilinipanda kutoka miguuni. Mwanamke wa miaka sitini na moja, kwenye udongo aliozaliwa juu yake, amesema uongo wa kwanza niliopata kuusikia kinywani mwake, na ameusema ili binti yake aolewe!

"Hapana," nikasema.

"Lukresia," Fakihi alininong'oneza, "tafadhali. Baadaye."

"Hapana, wageni wangu. Mama yangu hakuchimba hapa. Tulikuwa Kihagara siku nne. Wamechimba vibarua, wanaume, msimu si wake, bila majani, kwa ajili ya picha zenu. Haya si ngolo, ni mashimo. Mama amesema vile kwa sababu ananipenda mimi, na aliyemfikisha hapo ni mwenzangu wa kazi, na mimi pia, kwa sababu niliamini ahadi wakati ningeweza kusema mwenyewe tangu mliposhuka."

Mwanamke mmoja akashusha simu. Kijana mmoja akaguna kwamba wametapeliwa, na kusema kweli sikuweza kumpinga.

"Anayetaka kurudi ziwani, gari hilo, na mtarudishiwa chenu," nikaendelea. "Anayebaki, kahawa ipo na chakula kipo, nitawaeleza ngolo yenyewe tangu mwanzo, pamoja na ile sehemu inayochosha. Sina kingine cha kuwauzia leo."

Mzee Ambokile akavaa kofia yake. "Binti, mvua bado miezi mitatu. Bondeni kule naona nyasi. Tukizifyeka tukazilaza, tukarudishia udongo juu yake, si kitapona kitu?"

"Kidogo, mzee. Si shamba lote."

"Kidogo kinatosha. Mafyekeo yako wapi?"

Wanne walipanda gari wakakaa ndani, wamenuna. Waliobaki wakamfuata mzee bondeni, hata yule kijana aliyeguna. Mama akaingia jikoni bila kumtazama mtu. Fakihi alinifuata mpaka nyuma ya ghala, nami nilijua atanifuata. Nilikuwa nimeshajifuta machozi mara mbili.

"Nilimwona mama yangu pale nikashindwa," alisema. "Maneno yalikuwa mdomoni, Lukresia. Nilishindwa tu. Unajua ninavyokupenda."

"Najua. Mama yangu naye anajua, ndiyo maana amesema uongo."

"Nitamwomba radhi. Nitapiga magoti."

"Utampigia magoti jikoni, ambako hakuna anayekuona. Uongo umemsemesha mbele ya watu."

"Basi nitafanya mbele ya watu! Niambie unachotaka, nitafanya."

"Hicho ndicho sikitaki, Fakihi. Nikikuambia fanya, unafanya. Mama yako akikutazama, unaacha. Siku akikutazama nami niko ndani ya nyumba yako, itakuwaje?"

Alininyooshea mkono kama kawaida yake, akiuacha hewani ili niukute mwenyewe. Sijui niliushinda vipi. Niliutazama mkono ule ninaoujua mistari yake yote, na nikauacha pale hewani.

"Kaniandikie namba za wateja wote kwenye karatasi," nikasema. "Kuanzia kesho wageni nawapokea mwenyewe."

"Na sisi je?"

"Hakuna sisi."

Nilipogeuka, Bi Saida alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala. Sijui alikuwa pale tangu lini. Baibui lake lilikuwa limepandishwa mpaka magotini na viatu vyake vya dukani vimejaa udongo mwekundu. Nilidhani sasa natukanwa mimi, nikajiandaa, na Mungu anisamehe, siku ile ningemjibu.

Alinipita akasimama mbele ya mwanawe.

"Miaka thelathini nauza nguo," alimwambia. "Doti ikiwa na kasoro, naikunjua mbele ya mteja, namwonyesha, ndipo tuongee bei. Wewe umelelewa chini ya meza ile ile. Huyu mama wa watu umemwonyesha nini, Fakihi?"

"Mama, nilitaka uone..."

"Nimeona. Waswahili walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Sikukuchapa ulipokuwa mdogo. Nenda bondeni ukafyeke na wenzako."

Fakihi aliondoka, mabega yameshuka. Nilimtazama mpaka akapotea nyuma ya migomba, na kila hatua yake niliisikia mwilini mwangu.

Bi Saida akanigeukia. Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni, polepole, jinsi anavyotazama kitambaa kizuri kilichoingia dukani kwa mwingine.

"Leo nilikuja kukukataa, mwanangu," alisema. "Nilikuwa na maneno yangu tayari. Sasa ningekuposa mimi mwenyewe, kwa mikono miwili, dini tungeizungumza. Tatizo sina mwana wa kukuposea."

Akauweka mkono wake begani kwangu, kisha akaenda jikoni kumwamkia mama yangu.

Mimi nikabaki nyuma ya ghala. Neno lile nililingoja miaka miwili, nikilala nikiliota, na nilipolipata nilikaa chini kwenye vumbi nikalilia kwa sauti.